Mkalimani Aliyekatazwa Kusikia

Mwezi uliopita nilirudisha kadi yangu ya ukalimani wa kiapo. Dada wa dirishani aliipokea kwa vidole viwili, akaitazama picha ya kijana mwenye nywele nyingi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama huyo wa kwenye kadi ni mwanangu. Nikamwambia ni mimi, kabla ya mahakama. Ndivyo nilivyoagwa baada ya miaka thelathini na moja.

Nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Brussels mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Kuhusu vyeo sina la kusema, maana mkalimani hana cheo, ana kiti tu, na siku nyingine hata kiti hapewi. Nitawaeleza siku yangu ya kwanza na mtu aliyenifundisha, halafu nitawaeleza kwa kirefu kesi moja ambayo sikutafsiri hata neno, kwa sababu nilikatazwa. Hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko zote.

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao mtoto hujifunza Kiswahili barabarani, Kirundi kwa bibi yake na Kifaransa kwa fimbo ya mwalimu. Nilipofika hapa nikiwa mkimbizi, nilidhani lugha ni kitu ambacho kila mtu anacho, kama magoti. Aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuajiriwa kwa lugha zake ni Mzee Bonaventure, Mrundi mwenzangu, mrefu, mkavu, aliyevaa koti lilelile kiangazi na baridi. Alikuwa akitafsiri polisi, mahakamani na hospitalini tangu mimi sijajua kufunga tai.

"Saidi," aliniambia asubuhi ya kwanza, "mtu akisema 'mimi nimeiba', na wewe unasema 'mimi nimeiba'. Husemi 'bwana huyu anadai kwamba ameiba'. Pale wewe hupo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Kama umeelewa, basi hupo. Mbona unanijibu?"

Siku hiyohiyo nilipelekwa kituo kimoja cha polisi kumtafsiria bwana mmoja aliyekamatwa na baiskeli mbili. Nikakaa nusu hatua nyuma yake kama nilivyofundishwa, na alipokiri, nami nikakiri kwa Kifaransa kilichonyooka: "Ndiyo, mimi niliiba baiskeli mbili. Ya tatu nilishindwa, ilikuwa na kufuli." Kwa bahati mbaya polisi aliyekuwa akiandika naye alikuwa kwenye wiki yake ya kwanza. Aliniuliza jina langu, nikamtajia. Aliniuliza naishi wapi, nikamtajia. Tulipofika mwisho, karatasi ya kukiri ilikuwa na jina langu, na mwizi alikuwa ameletewa kahawa. Ilibidi Mzee Bonaventure aje na koti lake kunitoa.

Vifaa alivyonikabidhi ni vichache, na sijaviongeza. Daftari la waya linalofunguka kwa juu, ili usipekue kama unatafuta risiti. Kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kumwazima wakili, kwa sababu mawakili huja na mafaili manne na hawana kalamu. Peremende kwa ajili ya koo. Maji hapana, kwa kuwa hakuna atakayesimamisha kesi ili mkalimani aende msalani. Na katikati ya kila ukurasa chora mstari: kushoto aliyosema mtu, kulia yale usiyoyaelewa vizuri. Mzee Bonaventure alisisitiza kwamba upande wa kulia ubaki mweupe. Miaka mingi nilijisifu kwamba wangu ni mweupe. Tutafika huko.

Somo lake la mwisho lilikuwa kwamba mkalimani hana maoni. "Uso wako uwe kama mlango wa lifti," alisema. Nililishika somo hilo mpaka likanizidi. Hadija, mke wangu, akiniuliza tununue mapazia ya kijani au ya kahawia, nilikuwa namrudia alivyosema muuzaji, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

Basi nilikuwa na miaka sitini, na ishirini na sita ya kazi, barua ilipokuja. Tunakaa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na Hadija alipanda nayo ngazi zote akiwa ameishika mbali na mwili wake.

"Saidi, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Wote unaowatafsiria husema hivyohivyo."

Nikaisoma. Jina langu lilikuwa limeokotwa kwa kura kutoka daftari la wapiga kura, niende mahakama ya assises, ile ya kesi kubwakubwa, niwe kwenye juri. Nikamweleza Hadija kwamba hapa, kwa mashtaka ya kuua au kujaribu kuua, wananchi kumi na wawili wasiojua sheria huketi kando ya majaji, kama wazee wa baraza, na ndio wanaosema mshtakiwa ana hatia au hana.

"Yaani watakuuliza wewe unaonaje?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye kikapu cha nguo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama katika mahakama hizo mamia ya mara, na sikuwahi kutakiwa kuamua hata dirisha lifunguliwe au lifungwe. Nikaandika kuomba nisamehewe kwa sababu ya kazi yangu. Nikajibiwa kwa adabu kwamba majaji wamo kwenye orodha ya wasioruhusiwa, mawaziri wamo, wanajeshi wamo, wakalimani hawamo. Hata katika orodha ya wasiotakiwa hatukukumbukwa.

Siku ya kuchaguliwa tulijazana ukumbini, kila mtu na udhuru wake mfukoni. Mmoja alikuwa na mgongo. Mwingine alikuwa na mbwa asiyeweza kubaki peke yake, na cheti cha daktari wa huyo mbwa. Bibi mmoja alisema hasikii vizuri, na rais wa mahakama, mama mfupi aliyevaa joho jekundu, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hata hivi?" Bibi akajibu, "Hata hivyo," na akabaki. Majina yakawa yanatolewa kwenye chombo, na mawakili wanaweza kumkataa mtu bila kutoa sababu. Wa utetezi alikataa wanaume watatu mfululizo, wote wenye vipara. Nikamshukuru Mungu kwa kipara changu. Jina langu likatoka, nikataja kazi yangu, wakili akapekua orodha yake ya mashahidi, akaona wote watasema Kifaransa, akanitazama utosini kwa muda, akaniacha nipite. Nikawa juri namba saba.

Tuliapishwa mmoja mmoja. Maneno ya kiapo nilikuwa nayajua kuliko aliyeyasoma. Alipoyamaliza, nikageuka kushoto na kuyatafsiri kwa Kiswahili, kwa sauti, pasipo mtu. Ukumbi ukanigeukia. Rais akasema, "Bwana, leo ni wewe mwenyewe." Nikaapa.

Namba nane, jirani yangu, alikuwa Bernadette, muuza maua kutoka Woluwe-Saint-Lambert, mama mnene mcheshi aliyeficha pipi kwenye mkono wa sweta. Siku ya kwanza aliniinamia akanong'ona, "Unasali?" Nikamuuliza kwa nini. "Midomo yako haitulii." Kumbe nilikuwa naitafsiri kesi nzima kimyakimya. Bila hivyo nilikuwa sielewi.

Kesi yenyewe ni hii. Bwana Luc na Bwana Gaston walikuwa na duka la vinywaji huko Matonge, mtaa wa Wakongo, marafiki tangu shule. Walipofanya ukarabati wakaagiza kibao kipya, na fundi wa kibao akawauliza nani aanze: "Luc na Gaston" au "Gaston na Luc". Wiki tatu za mabishano. Asubuhi moja kukawa na ngumi dukani, na kile kisu kifupi cha kufungulia maboksi kikaingia kwenye tumbo la Gaston. Alipona. Mwendesha mashtaka alisema Luc alikuja na kisu akiwa amekusudia kuua. Luc, mtu mwembamba aliyekaa kizimbani kama anayesubiri daktari wa meno, alisema kisu alikishika Gaston, yeye alimnyang'anya, wakaanguka pamoja. Gaston alisema ni kinyume, na kila alipopata nafasi alifunua shati tuone kovu. Alilifunua mara tatu. "Tumeliona, bwana," rais alimwambia, "na wale wa nyuma pia."

Kwa hiyo ilikuwa neno la huyu dhidi ya la yule, na Luc alikuwa anaweza kufungwa miaka mingi. Aliyeona kwa macho alikuwa mtu mmoja tu, Maman Espérance, msusi wa Galerie d'Ixelles, ile korido ya saluni, mwenyeji wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa ameingia dukani kuwanunulia wateja wake soda.

Akaingia siku ya tatu na kitenge cha nguvu na kilemba. Kule polisi alikuwa ameongea nao Kifaransa cha sokoni na kikatosha. Lakini pale mbele, akiona majoho mekundu, majoho meusi na sisi kumi na wawili tumemkazia macho, Kifaransa kikamtoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Bon." Akasema, "Alors." Halafu akageukia dari akasema, "Mungu wangu, Français yote imekimbia."

Rais akauliza, "Shahidi anasema lugha gani?"

"Swahili, maman," akajibu mwenyewe.

Rais akamwagiza karani apige simu kwa mkalimani wa Kiswahili kutoka orodha ya mahakama, haraka. Karani akafungua orodha, akabonyeza namba ya kwanza. Simu zetu sisi wa juri zilikuwa zimekusanywa kwenye kikapu, juu ya meza hiyohiyo ya karani. Kikapu kikaanza kutetemeka. Kikaita. Karani, na simu sikioni, akakitazama kikapu kwa hasira, akasema, "Ya nani hii?" kisha akaendelea kusubiri nipokee.

Niliinua mkono. "Ni yangu, Madame la présidente. Na anayepiga ni yeye."

Sijawahi kusikia mahakama ya assises ikicheka vile. Hata Luc alicheka, ndipo akakumbuka yuko wapi.

Maman Espérance alikuwa amenielewa haraka kuliko mawakili. "Papa!" akaniita. "Kumbe uko pale! Weye unasikia Swahili, sema basi, bamalize, miye niko na bateja!"

Nikatazama dari. Rais akaeleza kwamba juri haruhusiwi kutafsiri, kama vile haruhusiwi kutetea wala kushtaki. Akawauliza mawakili kama wana pingamizi nibaki, hawakuwa nalo. Kisha akanigeukia mimi.

"Juri namba saba, utasikiliza tafsiri pekee. Kiswahili chenyewe hukisikii. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madame la présidente."

Ni kama kumwambia mtu aliyekaa jikoni ale kwa harufu ya jirani. Lakini nilikuwa nimejibu.

Tukasubiri saa mbili nzima, mkalimani wa Kiswahili akiwa amekaa pale pale kwenye kiti cha velvet, akila pipi za Bernadette. Akafika Neema. Baadhi yenu mnamjua: Mtanzania wa Moshi, wakati huo mwaka wake wa pili kazini, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alikuwa amekimbia kutoka hospitali ya Woluwe alikokuwa anamtafsiria mgonjwa, amebadili metro, anahema. Aliponiona kwenye viti vya juri, macho yalimtoka, akajikaza, akaapa, akafungua daftari.

Alianza vizuri sana. Maman Espérance naye akapata kasi.

"Miye niliingia, naona babwana babili banabishana. Ule munene iko na kisu mu mukono. Bon. Ule mwembamba akakuya, njo akamutosha kisu. Banaanguka bote."

Neema aliandika, akasita. Nikaiona kalamu yake ikisimama hewani. Akainua kichwa na kutamka kwa Kifaransa sentensi ambayo maana yake ni: "Yule mwembamba akaja, na kisu kikamtosha."

Kwenye viti vya watazamaji mtu alisema "Oh!", maana ilisikika kama Gaston alichomwa kisu mpaka basi. Mwendesha mashtaka akaandika haraka kama anayepewa anwani ya duka la bei nafuu. Bernadette akaninong'oneza, "Kisu kilimtosha? Maskini Gaston!" Na ile habari ya kisu kuwa mkononi mwa yule mnene Neema alikuwa ameisema, ila ikamezwa; baada ya sentensi ile hakuna aliyekumbuka iliyotangulia.

Nyinyi mliokulia Dar au Mombasa, sikieni. Sisi wa Bujumbura tunaishi uso kwa uso na Uvira, tunajua. Kwa ndugu zetu Wakongo, kutosha ni kutoa, ni kuondoa. Akamutosha kisu: akamnyang'anya kisu. Lilikuwa ndilo neno la kumwokoa Luc, na limeingia kwenye vitabu vya mahakama likiwa limegeuzwa kama soksi. Na katika ukumbi ule mtu mmoja tu alilijua, na yeye alikuwa hajasikia.

Rais akasema twende kula.

Kwenye korido nikakutana na Neema ana kwa ana. "Shikamoo, Mzee Saidi!" Juri haruhusiwi kusema na mtu yeyote wa kesi. Nikamtazama binti wa watu, mwenye heshima zake, aliyeniamkia mbele za watu, nikageuka nikakimbilia msalani. Nilijifungia dakika saba. Nikauambia ukuta wa vigae, "Marahaba."

Sikula. Mkate wangu alikula Bernadette. Nilikuwa napiga hesabu zangu. Nikisema "tafsiri si sahihi", nimevunja agizo la rais, naweza kuondolewa, na kesi ikaharibika. Nikinyamaza, mtu ataenda gerezani kwa sababu ya Bukavu na Moshi kutoelewana. Na kuna jambo jingine, nalisema kwa aibu: nilimwonea huruma Neema. Kumsahihisha mkalimani mbele ya mahakama ni kumvua nguo. Mzee Bonaventure angesema mimi sipo pale, basi ninyamaze. Lakini Mzee Bonaventure hakuwahi kuwa juri.

"Wewe," nilimuuliza Bernadette, "umeelewa nini pale aliposema kisu kilimtosha?"

Akatafuna akifikiri. "Kusema kweli, sijaelewa. Kisu kinamtoshaje mtu? Mimi ningeomba atuonyeshe."

Nilitaka kumbusu. Swali lilikuwa la haki kwa mtu yeyote asiyejua neno la Kiswahili. Halikuhitaji masikio yangu. Nikachukua ile kalamu ya kuwaazima mawakili, nikaandika kwenye karatasi, na mchana, kikao kilipoanza, nikaipitisha mbele.

Rais aliisoma, akanitazama juu ya miwani kwa muda ambao nilizeeka. Halafu akasoma kwa sauti: "Juri anauliza kama shahidi anaweza kuonyesha kwa mikono yake kilichotokea na kisu."

Wakatafuta kisu. Wakampa huissier, yule mzee wa tai nyeupe anayeita mashahidi, rula ya karani. Neema akatafsiri swali. Maman Espérance akashuka kutoka mahali pake akikunja mikono ya nguo kama anayeenda kufua.

"Weye uko Gaston," akamwambia huissier. "Shika muzuri."

Huissier akashika, kwa uzito wa kazi ya serikali. Maman Espérance akarudi hatua tatu, akamjia, akamkamata kiganja, akaipokonya rula kwa nguvu moja hivi kwamba mzee akazunguka na kuegemea meza ya mawakili, na mafaili ya mwendesha mashtaka yakamwagika chini.

"Njo vile!" akasema Maman, rula juu. "Akamutosha!"

Neema aliitazama ile rula. Alimgeukia shahidi akamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, kwenu kutosha ni kutoa?"

"Sasa ni nini ingine?"

Hapo Neema alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka ishirini na sita. Alifunga daftari, akainuka, akamgeukia rais, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Madame la présidente, mkalimani anaomba kujirekebisha. Asubuhi nilikosea neno. Shahidi hakusema kisu kilimtosha. Alisema mshtakiwa alimnyang'anya kisu yule mwingine."

Wakili wa utetezi alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Mwendesha mashtaka, akiwa bado ameinama kuokota karatasi, aliuliza kutoka chini ya meza kama mkalimani ana uhakika sasa. "Sasa ndiyo," Neema akajibu. "Asubuhi nilidhani tu."

Tuliyosemezana kwenye chumba cha juri siwezi kuyaandika, niliapa, na hata Hadija hajayapata ingawa amejaribu kwa pilau. Naweza kusema tu kwamba kahawa ilikuwa mbaya, na kwamba rais alipotugeukia kwa zamu, nikasikia sauti ya mtu inasema "mimi naona hivi", nikatafuta ni nani, kumbe ni mimi. Tuliporudi ukumbini lilisomwa jibu letu: Luc hana hatia. Gaston alikuwa wa kwanza kulia. Walitoka pamoja, na nasikia duka sasa halina kibao kabisa.

Kesho yake Neema alinipigia simu. Tukakutana mkahawani kule kule Galerie d'Ixelles, katikati ya harufu ya mafuta ya nywele.

"Shikamoo, Mzee Saidi. Nimekukasirikia sana."

"Marahaba. Una haki."

"Ulijua tangu asubuhi. Ukaniacha nizame! Halafu naku-greet, unakimbilia choo!"

"Nilikuitikia. Nilikuwa ndani."

Hakutaka kucheka, akacheka, akafuta macho. Halafu akauliza lile swali ambalo nyinyi nyote mmewahi kuniuliza, nami nikawajibu kila mara kwamba hapana.

"Na wewe, Mzee, umewahi kukosea?"

Sijui kwa nini siku hiyo sikusema hapana. Labda kwa kuwa nilikuwa nimemwona akisimama. Nikamwambia kuhusu mama mmoja wa Kigoma, mwaka wangu wa pili, aliyekuwa akiomba hifadhi. Alisema walitoka nyumbani saa mbili, nami, kichwa kimejaa Kifaransa, nikaiacha vilevile: saa mbili kwa hesabu ya hapa, ambayo kwetu ni saa nane mchana, badala ya kusema saa nane ya hapa, asubuhi. Baadaye akasema watoto walikuwa ndio kwanza wameingia shuleni. Afisa akainua kichwa, akaona saa hazipatani, akaandika pembeni kwamba mama huyu anajipinga. Nilimwona akiandika. Kosa nililijua pale pale. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kunyang'anywa kadi, na kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba sipo.

"Ikawaje?" Neema akauliza.

"Sijui. Hatuambiwi."

Alikoroga chai yake. "Jina lake unalikumbuka? Sisemi ulitaje."

"Ninalikumbuka."

Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Alilipa chai, akavuka korido, akaingia saluni ya Maman Espérance kusukwa. Alikuwa amepanga kukaa pale kila Jumamosi mpaka ajifunze Kiswahili cha Kongo. Kupitia kioo nilimwona Maman akimshika kichwa na kukigeuza. "Weye tena!" akasema. "Kaa chini. Leo sitakutosha nywele hata moja."

Mimi niliandika barua kwa ile ofisi ya hifadhi, kurasa mbili, miaka ishirini na minne ikiwa imepita. Nikajibiwa mistari mitatu: wameipokea na wameiweka kwenye faili. Zaidi ya hapo hawawezi kuniambia.

Wiki iliyofuata nilikuwa kazini, kesi ndogo ya familia moja, mlalamikaji bwana wa Kalemie. Alisema shemeji yake ndiye aliyechukua ufunguo, nikatafsiri beau-frère, yaani shemeji wa kiume, tukaendelea. Dakika kumi baadaye akasema huyo shemeji alikuwa na mimba ya miezi minane. Hakuna aliyekuwa amegundua. Wakili alikuwa anatafuta kalamu, jaji anatazama saa. Ningeweza kuteleza nayo mpaka mwisho kama nilivyoteleza na nyingine ambazo sitazijua kamwe. Nikaliandika neno hilo upande wa kulia wa daftari, nikainuka.

"Madame le juge," nikasema, "mkalimani anaomba kujirekebisha. Shemeji ni mwanamke."

Jaji alifuta neno moja, akaandika jingine, akasema "Merci, monsieur," akageuza ukurasa. Labda ilichukua sekunde nne. Nilikuwa nimeziogopa kwa miaka ishirini na sita.